Punda Aliyefunga Siku ya Thelathini

Punda hupunguzwa mpaka wapi ndipo awe mwepesi, na kuanzia wapi anakuwa anauawa? Nilijiuliza hivyo nikiwa na miaka minane, nimechuchumaa uani kwetu Lamu, puani mna harufu ya kwato zinazochongwa kwa kisu cha moto, harufu kama ya nywele zilizoungua. Mwenye kisu hakutaka kuulizwa.

Mwenye kisu alikuwa kaka yangu Shee. Punda wetu jike alikuwa mdogo, wa kubebea mawe na chokaa, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa mahakamani. Lakini ulikuwa mwaka wa vita vya Wazungu. Vijana walikuwa wakichukuliwa kwenda bara kubeba mizigo ya askari, na waliokwenda hawakuwa wakirudi. Ilisemekana kwamba aliyeandikwa kwenye orodha ya msimamizi wa ghala jipya hachukuliwi. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja na punda wake, na walioitaka walikuwa wawili: Shee na Kombo, jirani yetu. Msimamizi akacheka, akasema, “Siku ya Idi wakimbizeni. Atakayetangulia ndiye nitakayemwandika.” Kwa nini uhai wa mtu utegemee miguu ya punda? Sikumsikia mtu mzima akiuliza.

Mbio zenyewe zilikuwa fupi, mstari mmoja wa mchanga kutoka gatini hadi ukuta wa tanuu la chokaa. Alhamdu ingesomwa mara mbili tu, nazo zimekwisha. Kwa hiyo Shee alijua kwamba kila kitu kiko kwenye kuanza. Mwezi mzima wa Ramadhani alimfundisha punda kuruka mbele akisikia kofi. Alimvua shogi, ile mifuko ya mizigo ya mgongoni, akamnyoa manyoya ya tumbo na mkia, akampunguza kwato mpaka zikawa nyembamba kama vikombe. Kombo alipita mlangoni akamtania, “We Shee, wamtengeza punda au bibi arusi?” Shee akamjibu, “Utamjua ukiona mgongo wake, maana uso hutauona.”

Lililobaki lilikuwa tumbo. Shee alihesabu siku mbili kavu, bila maji na kwa majani kidogo tu, ili Idi imkute punda akiwa mtupu. Jioni ya ishirini na tisa watu walipanda juu ya madari kutazama mwezi. Mawingu yalikuwa yamejaa. Mwezi haukuonekana, na kadhi akatangaza kwamba kesho ni saumu.

Sisi tulikuwa na maji yetu ya magharibi. Punda hakuwa nayo. Asubuhi alikuwa akilamba chokaa ya ukuta, na mama akachota maji kisimani. Shee akashika ndoo.

“Mama, akinywa sasa atakuwa kiriba. Siku moja tu. Sote tumefunga.”

“Punda haandikiwi thawabu ya saumu, mwanangu.”

“Na mimi nikichukuliwa, utaandikiwa nini?”

Mama aliiachia ndoo. Mpaka leo namlaumu, na mpaka leo sijui mimi ningefanya nini.

Siku ya Idi, baada ya sala, kofi lilipigwa, na punda wetu akaruka kama jiwe lililotupwa. Sijapata kuona tena kitu kilichotengenezwa kwa mkono kikitii namna ile. Alimwacha Kombo nyuma urefu wa mashua. Kisha, tanuu likiwa karibu kiasi cha kuonekana nyufa za ukuta, magoti yakakunjika. Hakulia. Kombo akapita. Shee alimwaga ndoo nzima mdomoni mwa punda, na maji yakatoka pembeni, yakaingia mchangani.

Shee alichukuliwa mwezi uliofuata, nasi hatukuletewa hata nguo yake. Kombo alikuwa amekwisha kuhamia ghalani, na kwetu hatukusemezana tena na watu wa kwao.

Baadaye mjomba alinipeleka Bombay, nikasoma hadi chuo kikuu. Huko niliona vijana wakiyang'oa magari yao madogo viti na milango ili yaende kasi, wakicheka, na hakuna aliyekufa gari likizimika. Niliporudi pwani mwaka jana nilikutana na dada yake Kombo. Nilimwambia kwamba nduguye alipona kwa sababu ya punda wetu. Kombo, alisema, alichukuliwa palepale ghalani, wiki mbili baada ya Idi, na msimamizi ndiye aliyewasomea askari majina kutoka kwenye orodha.