Jani Lililokunjwa Bidbid

Juzi, tulipokuwa tunakula hoteli ya Watamil, Wahindi wa kusini, hapa Nizwa, Oman, nilimwona mzee mmoja kamaliza wali, akilikunja jani la mgomba alilolia kuelekea kifuani. Nikaikumbuka Bidbid.

Nilikuwa mtoto mdogo. Mama alilazwa hospitali Nizwa, na baba akanichukua kutoka Ibra twende tukamwone. Tulisimama Bidbid kula. Hoteli, nayo ya Watamil, ilijaa madereva, inanuka ukwaju, vikombe vya chuma vinagongana. Baba alikula matonge matatu tu, akalikunja jani kama alivyoona wengine wakifanya, ila yeye alilisukuma mbele, mchuzi usimchafulie kanzu.

Mhudumu aliyekuwa anapita na ndoo ya mchuzi akasimama. Akaweka mkono kifuani, akauliza kwa Kiarabu cha kuokoteza, "Nani kafa?"

Baba akasawajika. "Nani kakwambia?"

Tukatoka mbio, mkono wangu bado umejaa wali. Garini baba alisoma dua njia nzima, nami nikaamini yule mhudumu kapata habari kabla yetu.

Mama tulimkuta kakaa kitandani. "Mbona mnahema? Mmekula?"

Juzi ndipo nilipouliza. Kijana wa hoteli akanambia kwamba kwao jani hukunjwa kuelekea mbele, mbali na mlaji, kwenye chakula cha matanga tu.

Mama, aliyekaa mbele yangu, alikuwa keshashiba. Akalishika jani lake, akaanza kulisukuma mbele.

"Siyo hivyo, mama," nikasema, nikamkunjia mwenyewe, kuelekea kwake.