Nundu ya Mama Pasi

Mama mkwe wangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Mwenyewe huitika kwa madaha. Pasi yake ni ya mkaa, nzito ajabu, na ukimletea habari za pasi ya umeme atakuuliza kama umeme unajua kukunja kola. Nguo akishazinyoosha hakubali zipakiwe kwenye baiskeli wala zishindiliwe kwenye begi. Huzipanga juu ya ubao mwembamba, akazifunika kwa kanga, na ubao ukapanda kichwani.

"Mkononi nguo inajikunja," husema. "Kichwani inadhani bado iko mezani."

Miaka kadhaa iliyopita akaota nundu utosini. Mwanzo ilikuwa kama punje ya hindi, ngumu, isiyouma. Mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi, yeye alifurahi. Ile ngata anayoiweka chini ya ubao, pete ya kitambaa kilichosokotwa, ina tundu katikati, na nundu ilikaa ndani ya tundu hilo kana kwamba ilipimwa. Akatangaza bombani, mbele ya majirani wote, kwamba Mungu amempigilia msumari ili ngata isiteleze. Mimi mke wa mwanawe nilicheka mpaka nikamwaga maji niliyokuwa nimekinga.

Lakini nundu nayo haikujua kiasi. Ikafika ukubwa wa yai la njiwa na bado ikawa haijaridhika. Ngata ikaanza kukaa upande. Ubao ukawa unayumba, na siku moja mashati ya mwalimu mkuu yalitua kwenye dimbwi la matope huku mwenyewe akiyatazama. Mama aliyafua upya. Jioni nilimkuta ameketi kwenye kigoda, ngata mkononi, anaigeuza tu. Sijawahi kumwona amenyong'onyea vile.

"Nikishindwa kubeba, mwanangu," akasema, "mimi nitakuwa nani tena?"

Dawa ilijulikana. Tabibu wa zahanati ya mtaani kwetu alishamweleza kwamba ni kifuko cha mafuta tu: sindano ya ganzi, kisu kidogo, nyuzi chache, na mtu anarudi kwake kwa miguu yake. Shida ilikuwa mlango. Mama Pasi ndiye anayefua shuka za zahanati hiyo, lakini ndani alikuwa haingii. Baba mkwe aliingia mle akitembea, analalamikia kifua, akatoka amefunikwa. Moyo ulikuwa umechoka, na hakuna aliyemlaumu mtu. Ila shuka iliyomfunika ilikuwa na kiraka kwenye pindo, na kiraka hicho Mama alikishona mwenyewe. Ilikuwa imetoka kwenye pasi yake jana yake.

Tangu hapo akawa anaishia uani. Shuka anazikabidhi kwa Muuguzi kwenye mlango wa nyuma, anageuka, anaondoka. Kazi yenyewe hakuiacha. Nilipomuuliza kwa nini asiwaachie dobi mwingine, alinikodolea macho. "Wagonjwa wamenikosea nini hata walale kwenye uchafu?" Mimi ningeshachoma moto zile shuka zote, na ndiyo maana namheshimu.

Mume wangu alimbembeleza, nami nikambembeleza. Haambiliki, hasemezeki. Tukamtajia zahanati nyingine, akasema milango ya namna hiyo yote ni ndugu. Mwishowe Tabibu mwenyewe akaja nyumbani. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla hajasema lolote, na koti lake jeupe limepita kwenye mikono ya Mama tangu alipoajiriwa.

"Mama," akasema baada ya kukohoa, "ndani huingii?"

"Siingii."

"Na uani?"

"Uani nafika kila mara."

"Basi nitakutolea uani."

Mama akampima kuanzia viatu hadi miwani. "Kwenye vumbi?"

"Tutatafuta njia."

"Njia ninayo mimi," akasema Mama Pasi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona anatabasamu.

Siku ilipofika tulikwenda na shuka zilizonyooshwa alfajiri, nyingine mikononi mwangu, nyingine mikononi mwake. Uani pa zahanati pana kamba za kuanikia. Akazitundika shuka pande zote nne, akazibana kwa vibanio juu na kwa mawe chini, tukanyunyizia ardhi maji ili vumbi litulie. Katikati pakawa chumba, cheupe kabisa, kina kiti, meza na sinia la vifaa vilivyochemshwa. Muuguzi alichungulia akasema hata chumba chao cha ndani hakijawahi kung'aa hivi.

"Kwa sababu hamjui kuanika," Mama akamjibu.

Tabibu akanyoa kiduara cha nywele, akapaka dawa, akachoma ganzi. Niliushika mkono wa Mama. Tuseme ukweli, yeye ndiye aliyeushika wangu, maana nilipokiona kisu nilifumba macho. "Jikaze kisabuni," akaninong'oneza. "Anayekatwa ni mimi." Hakupepesa macho. Neno pekee alilolisema ni kumtaka Tabibu akunje mikono ya koti, asije akalitia damu.

Kifuko kikatoka kizima, cheupe, kama yai lililomenywa. Tabibu alikitia kwenye bakuli kwa furaha ya mvuvi aliyepata samaki, akaweka kitambaa kwenye kidonda, akamwambia Mama akikandamize, akageuka kuchukua sindano na uzi. Hapo tone la kwanza likalia kwenye sinia. Mbingu ilikuwa imenuna tangu asubuhi, ila sote macho yetu yalikuwa utosini kwa Mama. Mvua haikupiga hodi. Ilimwagika tu.

"Mama, usisima—"

Mama Pasi alikwisha simama. Mkono mmoja umekandamiza kitambaa kichwani, mwingine unang'oa vibanio. "Shuka! Anueni shuka! Mnanitazama nini?"

"Mama, kichwa kiko wazi!" akalia Tabibu.

"Kichwa kitakauka! Hizi nimezipiga pasi leo!"

Nani angebishana naye? Tabibu akaanua, Muuguzi akaanua, mimi nikaanua. Chumba cheupe kikabomoka ukuta baada ya ukuta, na Mama mbele yetu, furushi amelikumbatia kwa mkono mmoja, akakimbilia palipo pakavu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Akaingia.

Alikuwa amefika katikati ya korido alipotambua yuko wapi. Tukasimama nyuma yake, maji yanatuchuruzika. Mvua ilikuwa inapiga bati. Uzi mwembamba wa damu ulimshuka nyuma ya sikio. Akageuka kuutazama mlango alioupita, kisha akautazama mlango wa wodi uliokuwa nusu wazi. Nilitaka kumshika bega nikaogopa.

"Ni humu?" akauliza.

"Ni humo, Mama," Muuguzi akamjibu taratibu. "Kitanda cha dirishani."

Akaingia wodini. Hakukuwa na mgonjwa, na kitanda kile kilikuwa kitupu. Akatua furushi kwenye kiti, akaipapasa shuka ya juu, ilikuwa na unyevu, akaiweka kando. Akatafuta iliyo kavu. Akaitandika kwa mkono mmoja, ule mwingine bado uko kichwani, akakunja pembe, akasukuma pindo chini ya godoro, kisha akapitisha kiganja juu yake polepole kama anapitisha pasi. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa siku hiyo, na mimi nikalia naye, na Tabibu akavua miwani yake akajifanya anaifuta mvua.

Alipotulia akaketi kwenye kiti, akaegemeza paji la uso ukingoni mwa kitanda. "Haya, malizia. Ila damu isidondokee shuka."

Akashonwa pale pale. Tabibu alimuuliza kama anaisikia sindano. Akasema sindano haisikii, lakini kwa uzi mnene kama ule yeye asingeshonea hata gunia.

Nyuzi zilipotolewa na kidonda kikafunga, akasokota ngata mpya. Msumari wa Mungu haukuwepo tena, na kwa jinsi alivyoishika ngata ile nilijua anaogopa. Nilimfuata nyuma njia nzima, mikono yangu ikiwa tayari kudaka. Haikuwa na kazi. Ubao ulitulia kichwani pake, shuka hazikusogea hata kidogo, na kwa mwalimu mkuu alipita makusudi, mikono inaning'inia.

Uani Muuguzi alitoka kumpokea mzigo kama kawaida, mikono mbele. Mama akampita. Mlango ule ni mfupi. Alikunja magoti, mgongo wima, ubao ukapita chini ya fremu bila kuigusa, akaenda nao mpaka wodini.

Siku hizi vitanda vya zahanati anavitandika mwenyewe. Huanza na cha dirishani.