Betri Sita za Kinanda

Mwenye duka alinionya, kwa hiyo siwezi kumlaumu. Duka lilikuwa Nairobi, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Garissa, suruali imejaa vumbi la safari, nimesimama mbele ya vinanda viwili vya umeme nikijifanya mjuzi. Vyote viwili vilipiga ngoma, besi, gita na filimbi, na vilirekodi kila sauti kivyake hadi wimbo ukamilike. Bendi nzima ndani ya sanduku moja. Kimoja kilikuwa kikubwa na kizito, na ubavuni kilikuwa na mahali pa kutia diski. Cha pili kilikuwa chepesi na kilitumia betri sita kubwa, zile za tochi.

"Mwalimu, chukua hiki cha diski," alisema mwenye duka, mzee wa Kihindi. "Hicho kingine kinaweka nyimbo tano tu, na ukitoa betri kinasahau zote."

"Na hiki cha diski kinatumia betri?"

"Hapana. Umeme tu."

Nilicheka. Miaka hiyo ya tisini umeme wa Garissa ulitoka kwenye jenereta za dizeli na ulikatika ulipotaka, na kwetu mtaa wa Waberi hata nguzo haikuwa imefika. Tena nani atatoa betri? Nikachukua cha betri. Hadi leo nikiukumbuka uamuzi ule naona ulikuwa wa mtu mwenye akili zake, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sikukinunua kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeuza ngamia dume niliyepewa na baba, kwa sababu ya binamu wa mama ambaye sisi tulimwita abti, yaani mjomba. Abti alikuwa mpiga kinanda wa bendi kubwa Mogadishu, na mkewe alikuwa mtunzi na mwimbaji wa bendi hiyohiyo. Vita vilipowatoa mjini, mkewe alifia njiani kabla ya mpaka, binti yao akapotea na msafara mwingine, na abti akaishia kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Nyimbo za mkewe hazikuwa kwenye kanda yoyote tuliyoweza kuipata. Zilikuwa kichwani mwa abti na katika vidole vyake, na vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka.

Kwa ajili ya vidole hivyo alipewa kibali cha siku kumi na tano atoke kambini aje hospitali Garissa. Daktari alimpa vidonge na kumwambia wazi kwamba mikono ingezidi kuwa mibaya. Tungerekodi kwenye kanda ya kawaida, mtetemo wote ungesikika. Lakini kwa mashine ile angeweza kupiga taratibu kama mtoto anayejifunza, sauti moja leo, nyingine kesho, kisha kinanda chenyewe kikauendesha wimbo kwa mwendo wake wa kweli. Abti alipenda kujizoeza nami Kiswahili alichookota kambini, na siku ya kwanza alikizunguka kinanda mara mbili kabla ya kukigusa.

"Hii kitu nabiga ngoma, nabiga besi, nabiga filimbi," alisema. "Na hataki chai!"

Mama hakuona cha kuchekesha. "Ngamia alikuwa anatembea," aliniambia. "Huu ubao wako unakwenda wapi?"

Kilikuwa na midundo mia, na hata mmoja haukuwa wetu. Abti aliipitia yote, akinuna kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, hadi akafika kwenye rege. Akaipunguza mwendo, akatikisa kichwa. "Huyu nakuwa ndugu yetu," alisema, na tukaanza hapo.

Nilikuwa nikitoka shule namkuta amekaa mkekani, kinanda juu ya sanduku la chai, jasho likimtoka kwa kutafuta noti nne. Alipiga, akakosea, akafuta, akapiga tena. Kisha alibonyeza, na kutoka kwenye kile kibati zikatoka ngoma, besi na filimbi zikienda pamoja, safi, bila mtetemo hata kidogo. Mara ya kwanza aliposikia hivyo alifunika uso kwa kikoi chake. Mama naye, aliyekuwa akipita na birika, aliacha kusema habari za ngamia tangu siku hiyo.

Siku ya kumi na mbili nyimbo tano zilikuwa tayari. Tulipanga Ijumaa niazime redio-kaseti ya jirani tuzihamishe kwenye kanda, naye Jumamosi arudi Dadaab kibali kikiisha.

Kitabu cha maelekezo nilikuwa nimekisoma mara tatu. Nilimwonya mama asiguse betri, nikamwonya dada yangu, nikamwonya hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Abti sikumwonya. Ningeanzaje? Mtu aliyeshika vinanda kabla sijazaliwa, nimfundishe mimi habari za kinanda? Niliona ni utovu wa adabu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alikuja Alhamisi.

Jioni hiyo nilikutana na abti mlangoni, yeye akitoka kwenda msikitini kwa magharibi. Alinishika mabega. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, na siku hiyo alikisahau Kiswahili chake, akanena Kisomali kwa haraka, akiniita nami abti, kama mjomba wa Kisomali anavyomwita mpwa wake.

"Abti, wamesoma jina langu!"

Kila jioni saa kumi na moja mji mzima ulisikiliza habari za Kisomali kutoka ng'ambo, na siku nyingine baada ya habari walisoma majina ya watu wanaotafutwa na jamaa zao. Siku hiyo walisoma jina lake. Anayemtafuta alikuwa binti yake. Yu hai, yuko Ethiopia kwa mama yake mdogo.

"Redio ilikuwa imekufa," aliendelea, akicheka na kulia. "Nimeazima betri nne za kinanda chako. Nimezirudisha zote, usijali. Alhamdulillah, abti, alhamdulillah!"

Akaenda kuswali. Niliingia ndani nikakaa mkekani. Niliwasha kinanda, nikabonyeza wimbo wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya. Nilibonyeza hadi wa tano, kisha nikarudia tangu mwanzo, kama kwamba kingenionea huruma.

Aliporudi alitaka tuzisikilize. Ningemwambia nini, kwamba mkono uliompata binti ndio uliomfuta mama? Nilisema tusimalize betri, tungoje kanda. Alikubali mara moja, kwa sababu alijiona amezila nusu yake. Ijumaa nikamwambia mwenye redio-kaseti amesafiri Wajir. Mwenye redio-kaseti alikuwa nyumba ya tatu, na nilimpita nikienda kuswali nikamwamkia. Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Jumamosi abti alipanda gari akiwa amevaa shati safi, na kinanda akaniachia.

"Kambini vumbi nyingi," alisema, Kiswahili chake kimerudi. "Kwako nyimbo nakaa salama."

Tangu hapo kila lori la maji lililotoka Dadaab liliniletea salamu zake na swali lilelile: zinaimba? Nami nilimjibu dereva: mwambie zinaimba. Sikujua njia nyingine. Kila jibu lilifanya la kesho yake liwe gumu zaidi.

Mwaka uliofuata binti alifika kambini. Baba yake hakuwa tena na nguvu ya kushika kikombe, wala hakupata kibali, ila binti alipata, akaja Waberi na barua. Msichana mrefu, wa miaka kumi na saba hivi, viatu kavivua mlangoni. Alimbusu mama mkono, akaketi mbele ya kinanda pasipo kuambiwa ni kipi.

"Walaal," aliniita, ndugu yangu, "baba amesema nianze na wa tatu. Mama aliutunga nilipozaliwa. Sauti yake siikumbuki tena, lakini baba anasema nikiusikia huo nitaikumbuka."

Mama alinitazama. Sijui alijua tangu lini.

"Betri zimekwisha," nilisema.

Chai ilikuwa bado haijamiminwa. Binti alivaa viatu akatoka. Duka la pembeni halikuwa mbali. Alirudi na betri sita mpya katika upindo wa shungi lake, akakigeuza kinanda juu chini, akazitia mwenyewe moja baada ya nyingine, akiangalia vizuri alama za kujumlisha na za kutoa. Kisha akakigeuza tena, akapangusa vumbi, akasogea pembeni ili mimi nibonyeze.