Maziwa ya Homa

Mama mkwe wangu ana shamba la mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, na mavuno yakianza hakuna mkwe wa kubaki mjini akisingizia kazi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko la Ifakara, na mwaka ule nilikuwa na kisingizio kizuri kuliko vyote: mtoto wa kwanza, msichana, ndiyo kwanza anajifunza kujigeuza kitandani. Nilipompigia mama mkwe kumweleza, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Njoo naye. Huku kuna kivuli na hewa. Huko mjini atakula vumbi la bodaboda tu." Nikafunga kibanda.

Mume wangu anaendesha bajaji. Alitufikisha mpaka uani kwa mama yake, akashusha ndoo, chandarua na mfuko wa nguo za mtoto, akanywa maji, akageuza kurudi mjini kutafuta abiria.

Siku za kwanza zilinifurahisha. Tangu nijifungue nilikuwa nimekaa ndani mno, nikilishwa uji na kuonywa nisiinue kitu, na sasa nilikuwa shambani na mundu mkononi, mgongo ukiniuma kwa sababu nyingine isiyo cherehani. Mtoto tulimlaza juu ya dungu, lile jukwaa la miti lenye paa la nyasi ambalo watu hukaa kuamia ndege, nasi tukakata mpunga karibu yake ili akiamka tumsikie. Upepo wa bondeni ulimlaza vizuri kuliko nyimbo zangu zote.

Siku moja ulimlaza vizuri kupita kiasi. Saa ya kunyonya ikapita, mtoto hajaamka. Titi la kushoto lilikuwa limejaa mpaka linavuta bega, na blauzi niliyojishonea kabla ya ujauzito ilikuwa imenibana kama gunia la lumbesa. Lakini kipande kilichobaki kilikuwa kidogo, nikataka tukimalize. Tukakimaliza.

Jua lilipoanza kushuka nikasikia baridi. Nikajifunga kitenge, nikaongeza cha pili, meno yakawa yanagongana vilevile. Titi lilikuwa gumu, lina moto, na upande mmoja ngozi yake iling'aa kama imeguswa na pasi. Mama mkwe akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Malaria hiyo," akasema. Kisha akanyoosha mikono, akamtoa mtoto mapajani kwangu.

"Anataka kunyonya, mama," nikamwambia.

"Hanyonyi. Maziwa yakishaingiwa na homa yanaharibika. Utampa mtoto sumu."

"Nani alisema hivyo?"

"Wakubwa walisema. Na mimi niliona."

Mama mkwe ni Mpogoro wa kutoka Mahenge, mtu wa maneno mengi na utani mwingi, na akigombeza unajua kabisa kwamba baada ya muda atacheka. Siku ile hakugombeza. Aliongea polepole, kama mtu aliyesimama mlangoni kumzuia mwenzake asitoke kwenye mvua. Sikuwa na nguvu za kubishana. Akamchemshia mtoto maji, akamnywesha kwa kijiko, akazunguka naye uani akimbembeleza. Mtoto alilia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Nikampigia mume wangu, akasema kukipambazuka atakuwa njiani.

Kile kilio kilifika kwa jirani. Nyuma ya shamba letu wanaishi Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Mama wa nyumba ile na mama mkwe walikuwa wanasalimiana kwa ufupi, kwa sababu msimu mmoja ng'ombe waliingia kwenye mpunga, na ingawa wazee walisuluhisha, salamu hazikurudi urefu wake. Asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe, kibuyu cha maziwa mkononi, akasimama pembeni ya ua.

"Mayu," akamwita mama mkwe, yaani mama, kwa Kisukuma. "Nasikia mtoto analia tangu jana. Mama yake vipi?"

"Anaumwa. Ana homa kali."

"Basi pokea haya. Nimekamua sasa hivi."

Mama mkwe akasita kidogo, akayapokea kwa mikono miwili. Alikuwa bado anatafuta kijiko cha kumnyweshea mtoto bajaji ilipoingia uani, na mume wangu akasema kijiko kisubiri, twende hospitali kwanza. Tukaondoka na kibuyu chetu.

Barabara ile mume wangu huipita mbio akipiga honi. Siku hiyo aliendesha kama aliyebeba trei la mayai, na kila tulipotumbukia shimoni aligeuka kuniambia, "Pole." Baada ya pole nyingi mama yake akamwambia, "Endesha, baba. Pole zako zinatuchelewesha."

Hospitali tulimkuta muuguzi mmoja mnene, mtaratibu, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Alinichoma kidole akapima damu. Hakukuwa na malaria. Akaniomba nifungue blauzi. Akaligusa titi kwa ncha za vidole, nami nikauma midomo.

"Mara ya mwisho amenyonya lini?"

"Jana mchana."

"Na blauzi hii alikushonea fundi gani?"

"Nilishona mwenyewe."

"Basi, fundi, ukifika nyumbani ifumue."

Akanieleza kwamba maziwa yalikuwa yamekwama, yakaziba njia zake, na titi likapata maambukizi. Homa ilitoka hapo. Daktari aliniandikia dawa ya kuua vijidudu na nyingine ya maumivu, zote zinazomfaa mama anayenyonyesha. Muuguzi akanikabidhi pakiti, akanisisitiza nizimalize hata nikijisikia nimepona, kisha akamnyooshea kidole mtoto. "Ila nusu ya dawa yako ni huyu. Mpe titi. Hilo hilo linalouma, aanze nalo."

Hapo mama mkwe hakuweza kunyamaza. "Sista, huyu ana homa. Maziwa ya homa yatamdhuru mjukuu wangu."

Muuguzi akavaa miwani yake, akamgeukia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, homa inaunguza mwili wa mama. Haiingii kwenye maziwa ikayaharibu. Mwili wake ukipigana na ugonjwa, unatengeneza kinga, na kinga ile mtoto anaipata anaponyonya. Hata ningekuta malaria, ningempa dawa na kumwambia anyonyeshe. Yako magonjwa machache ambayo tungezungumza tofauti, ndiyo maana mnatakiwa kuja tuwaone. Lakini hili, kumwachisha ndiko kungewaumiza wote wawili."

"Kwa hiyo hayaui."

"Hayaui, mama."

Mama mkwe akakaa kwenye benchi, akawa anatazama mikono yake.

Nikampakata mtoto. Alilikamata titi kama mtu anayedai haki yake, na maumivu yakanikunja vidole vya miguu ndani ya ndala. Mume wangu aliangalia dari. Muuguzi akanionyesha namna ya kumgeuza ili kidevu chake kielekee palipokuwa pagumu, na namna ya kulikanda titi taratibu kuelekea kwenye chuchu. Nikahesabu pumzi. Kisha kitu kikaachia, maziwa yakatiririka, mtoto akawa anameza kwa sauti tunayoisikia wote, na mimi nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Na haya ya ng'ombe?" mume wangu akauliza, akainua kibuyu.

"Yachemsheni vizuri, anywe mama," muuguzi akasema. "Mtoto bado mdogo kwa hayo. Ana ng'ombe wake."

Mume wangu akacheka peke yake. Kisha akaniona uso, akaacha.

Tulirudi mchana. Tulipolivuka daraja la mto Kilombero, mtoto amelala ameshiba, mama mkwe akaanza kusema, macho yake kwenye maji.

"Kabla ya huyu," akasema, akiuonyesha kwa kidole mgongo wa mwanawe aliyekuwa anaendesha, "nilikuwa na mwingine. Wa kiume. Nilishikwa na homa wakati namnyonyesha. Akaharisha, akaisha, akafa. Wakaniambia ni maziwa yangu yaliyomuua."

Nikaushika mkono wake.

Mume wangu alipotoka darajani alisimamisha bajaji pembeni ya barabara, akazima injini. Alijua kwamba aliwahi kuwa na kaka aliyefariki akiwa mchanga. Hayo mengine hakuwahi kuyasikia. Aligeuka kwenye kiti chake, mtu mzima yule, mikono haijui iende wapi.

"Mama, haikuwa wewe."

"Nimesikia," akajibu. "Umri wangu wote sikusikia, nimesikia leo."

Lori la mpunga likapita, likatutikisa. Mama mkwe akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akampapasa mtoto kichwani.

"Washa," akamwambia mwanawe. "Mkeo hajala."

Kuanzia hapo nilitunzwa kama sijawahi kutunzwa. Kabla ya kila kunyonyesha aliniwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na baadaye cha maji baridi kupunguza uvimbe, kama muuguzi alivyoelekeza. Alinipikia mchuzi wa kambale, uji wa mchele, mchicha wa nazi. Maziwa ya jirani aliyachemsha, akanisimamia mpaka nimalize kikombe. Shambani hakutaka kuniona. "Kazi yako ni kulala na kunyonyesha," alisema, "na ukilala usilalie lile titi." Kila mtoto alipolia, hata kama alilia kwa sababu ya nzi, ilikuwa, "Mpe, mpe, asije akaziba tena." Homa iliondoka kabla dawa hazijaisha, nami nikazimeza mpaka ya mwisho.

Yule mama wa Kisukuma aliendelea kuleta maziwa kila asubuhi. Mwanzo aliyaacha pembeni ya ua, baadaye akawa anaingia, na mwishowe akawa anaketi. Mama mkwe alimtwangia pepeta, mpunga mbichi unaokaangwa na kupondwa ukawa bapa, akamfungia kwenye kitambaa awapelekee watoto wake. Siku moja niliwakuta wawili hao wanabishana kuhusu namna ya kumfunga mtoto mgongoni, kila mmoja akimtumia binti yangu kama mfano, na binti yangu akihamishwa mgongo hadi mgongo bila kulalamika. Salamu za ufupi zilikuwa zimekwisha.

Mume wangu naye huko mjini alikuwa ametangaza ugonjwa wangu kwa abiria wake wote. Nilipofungua tena kibanda, mwanamke nisiyemfahamu kabisa alikuja kushonesha gauni, nikampima kifua, akaniuliza kwa upole, "Na lile titi la kushoto linaendeleaje?" Nikamwambia linaendelea vizuri, shukrani. Nikamshonea gauni lenye nafasi.

Mvua za vuli zilipoanza, malaria ya kweli ilinipata. Safari hii sikungoja. Nilipoanza tu kutetemeka nilikwenda kupima, nikapewa dawa, nikarudi nyumbani kulala na mtoto chini ya chandarua. Mama mkwe alifika na samaki wabichi kwenye ndoo, akanikuta nimelala nimejifunika, mtoto ananyonya. Alisogeza tu khanga ili mtoto apate hewa, akaenda kuwasha jiko. Baadaye nikasikia sauti yake kibarazani akimfundisha mke wa jirani yetu, aliyekuwa na mtoto mchanga: "Ukiumwa usimwachishe. Nenda ukapimwe, umeze dawa, umpe. Watakaokwambia maziwa ya homa yanaua, walete kwangu."

Nilikuwa nimepata nafuu, tumekaa naye tunakula wale samaki, mtoto yuko kwenye titi, ndipo nilipopiga yowe sahani ikataka kuanguka. Mama mkwe akasogea upesi, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole. Kwenye ufizi wa chini, jino la kwanza lilikuwa limechomoza, jeupe kama punje ya mchele.

"Kwa hili," akasema, akirudi kwenye sahani yake, "hata sista hana dawa."