Mimi wa Kwenye Hadithi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa msichana wa kidato cha tatu, nimesimama mbele ya wazee wa kanisa kijijini kwetu, juu huko milimani, na karatasi mkononi. Baba yangu mzazi alikuwa ameketi benchi la nyuma kama mtu anayesubiri hukumu.

Nakusimulia kwa sababu jana jioni nilikusikia hapo kibarazani ukikariri istilahi za fasihi ya Kiingereza kwa ajili ya mtihani wako. Msimulizi ni nani, mhusika ni nani, mandhari ni nini, kinaya ni nini. Ulikuwa unazitaja haraka haraka kama mtu anayehesabu mbuzi wakitoka zizini. Nikacheka peke yangu. Sikukucheka wewe. Nilikumbuka kwamba na mimi nilizimeza hivyo hivyo, mpaka neno moja kati ya hayo liliponisimamisha mbele ya wazee.

Shule yetu ya bweni ilikuwa hapa hapa Same mjini. Kiingereza alitufundisha Mwalimu Zubeda, mwenyeji wa Lembeni, binti wa wafanyabiashara wa kule barabarani. Alikuwa mpole, lakini ukimwandikia upuuzi alikurudishia kazi yako bila kusema neno, na hilo liliuma kuliko fimbo. Siku hiyo alikuwa anatueleza tofauti ya mwandishi na msimulizi. Mwandishi, alisema, ni mtu mwenye mwili, anakula makande, anaumwa malaria. Msimulizi ni sauti ambayo mwandishi ameitengeneza ili isimulie hadithi. Hata sauti hiyo ikisema "mimi", usikimbilie kudhani ni mwandishi mwenyewe. Kisha akatuagiza, "Kila mmoja aniandikie hadithi fupi. Anayesimulia aseme mimi, lakini huyo mimi asiwe wewe."

Niliandika habari za msichana ambaye baba yake ni mlevi wa dengelua, ile pombe yetu ya miwa. Baba huyo anauza tangawizi ya familia, fedha zote anazinywea, na akirudi nyumbani anampiga mama. Sasa, baba yangu mimi hakuwahi hata kuionja pombe. Elieza, ndilo jina lake, alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa tangawizi na migomba, mtu wa maneno machache. Lakini kumuumba mtu kutoka hewani si kazi ndogo, mwanangu. Nilitaka mlevi wangu aonekane. Basi nikampa mguu wa baba, ule wa kushoto aliouvunja alipoteleza shambani ukaunga vibaya, akawa anauburuta kidogo. Nikampa koti la baba la kahawia lenye kiraka kiwikoni. Nikampa hata kikohozi chake, maana baba hakuwa mtu wa kubisha hodi, alikuwa anakohoa mlangoni. Nilipomaliza, mlevi yule alikuwa hai kabisa. Niliridhika sana.

Mwalimu Zubeda naye aliridhika. Aliibandika hadithi kwenye ubao wa nje ya darasa, na wanafunzi wakasongamana kuisoma. Mmojawapo alikuwa Neema, jirani yetu wa kijijini. Wiki chache kabla ya likizo Neema aliugua, akarudishwa nyumbani. Hakuwa na nia mbaya, namjua mpaka leo. Aliwaambia tu kwao kwamba Nakijwa, yaani mimi, ameandika vizuri mno habari za baba yake, mpaka shule nzima imelia.

Unajua maneno yanavyopanda mlima. Likizo ilipofika nilishuka garini na begi langu, karatasi ya hadithi ikiwa ndani yake, nikapita kando ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, nikawakuta akina mama wanafua.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu, wakainamia nguo zao. Siku nyingine wangeniuliza habari za Same, bei ya sukari, kama mvua imenyesha huko chini. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kitu.

Mama ndiye aliyenieleza, jikoni, akikoroga uji huku akiepuka kunitazama. Kijiji kizima kinasema binti wa Elieza ameandika kwamba baba yake ni mlevi na anapiga mke. Wenye akili hawakuamini. Wengine walisema mtoto hawezi kutunga jambo kama hilo bila sababu, na labda Elieza hunywa kwa siri. Wazee wenzake walimwomba akae pembeni kwanza, asigawe sakramenti wala asihesabu sadaka, mpaka jambo liishe.

Nililia. Baba alirudi shambani jioni, akakohoa mlangoni kama kawaida, akaniitikia shikamoo yangu, akala, akalala. Kesho yake hivyo hivyo.  Mwishowe aliniita kwenye migomba.

"Umeandika kwamba nampiga mama yako?"

"Hapana, baba. Si wewe. Ni mtu wa kwenye hadithi."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Ana mguu kama wangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na koti?"

"Ndiyo."

"Sasa watu watajuaje kwamba si mimi?"

Nikaanza kumweleza kuhusu msimulizi na mwandishi, maneno yakinipotea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimekuelewa nusu. Lakini aliyeelewa nusu ni mmoja tu, na huko nje wako wengi. Jumapili baada ya ibada utawasomea wazee hiyo hadithi yako. Yote. Usiruke hata neno."

"Baba, itakuwa aibu."

"Aibu ipo tayari. Sasa hivi kila mtu ana hadithi yake kichwani. Afadhali waisikie ile uliyoiandika."

Ndivyo nilivyojikuta mbele yao. Mama aliingia akaketi kando ya baba. Madirisha yalikuwa wazi, na nje watu walisimama wakijifanya wanasalimiana. Mzee Yona, aliyekuwa kiongozi wao, hakunipa nafasi ya kuanza.

"Binti, kabla hujasoma. Humo ndani umeandika 'mimi', au umeandika jina la mtu mwingine?"

"Nimeandika 'mimi', babu."

"Na umeandika 'baba yangu'?"

"Ndiyo."

"Mimi ni nani, kama si wewe? Na baba yako ni nani, kama si Elieza?"

Niliifahamu istilahi ile kwa Kiingereza fasaha. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata alama zote.  Pale mbele nilisema tu, "Msimulizi si mwandishi," na wazee wakatazamana kana kwamba nimezungumza lugha ya nchi nyingine.

Ndipo mama aliposimama. Sikuwahi kumwona akisimama kwenye kikao cha wazee.

"Mzee Yona, naomba niulize. Ulipomwoza binti yako, nani aliongoza nyimbo?"

"Wewe, mama Nakijwa. Kila mtu anajua."

"Niliimba 'mimi ni mwali, leo naondoka kwa mama yangu, sijui hata kuwasha jiko'. Na watoto wangu wote walikuwa wamenizunguka, huyu Nakijwa akiwa mgongoni. Mbona hukuniuliza mimi ni nani?"

Mtu mmoja dirishani akacheka. Mzee Yona mwenyewe akajikaza, akashindwa, tabasamu likamtoka. "Ulikuwa unaimba kwa niaba ya bibi harusi," akasema.

"Basi mtoto naye ameandika kwa niaba ya mtu," mama akasema, akaketi.

Mwanangu, Mwalimu Zubeda alinifundisha vizuri sana, lakini siku ile ndipo nilipoelewa. Nikapata sauti. Nikawaambia, "Huyo mimi ni msichana niliyemtunga. Naomba mumsikilize."

Nikasoma. Nilikuwa natafsiri papo hapo kwa Kiswahili, na nilipokwama nilitumia Chasu, lugha yetu ya Kipare. Mwanzoni walikuwa wananisikiliza kama mahakimu. Nilipofika pale msichana anapomvika mama yake kitambaa kichwani ili majirani wasione uvimbe, nilisikia mabenchi yametulia. Hakuna aliyekuwa anamtazama baba tena. Walikuwa wanatazama sakafu, kila mtu na lake.

 Nilipomaliza, sauti ya mwanamke ikaja kutoka dirishani.

"Yule mama alikwenda wapi?"

Alikuwa Mama Tumaini, wa ng'ambo ya bonde. Nikamwambia hadithi imeishia pale mama anapotoka nyumbani, sikuandika alikokwenda.

"Ungeandika," akasema. "Lazima alikwenda mahali." Akaufunika uso kwa kanga.

Hapo kila mtu alielewa, na Mzee Yona akaelewa kuliko wote. Alisimama akasema maneno mawili: la kwanza, Elieza arudi kwenye nafasi yake, na wazee wamwombe radhi, la pili, kesho asubuhi yeye na mkewe wangekwenda ng'ambo ya bonde kuzungumza na mume wa Mama Tumaini. Walikwenda kweli, na waliendelea kwenda. Mama Tumaini alikaa kwa kaka zake muda mrefu, wakati mumewe anaachana na pombe kwa shida, akianguka na kuinuka. Alirudi kwake alipotaka mwenyewe kurudi. Nilihudhuria harusi ya Tumaini wao, na baba yake, yule aliyekuwa mlevi, ndiye aliyekuwa akigawa soda.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Jumapili ile, nilimwomba baba msamaha. Alitembea kidogo, akasema, "Hadithi ni nzuri. Lakini huyo mtu wako mpe mguu wake mwenyewe."

Sijawahi kupata somo fupi kama hilo, mimi niliyekuja kufundisha fasihi mpaka nikastaafu. Usiku wa likizo ile niliiandika upya. Mlevi wangu nikampa pengo la meno na baiskeli isiyo na breki. Na yule mama nikamtafutia pa kwenda.

Basi, mwanangu, kariri istilahi zako, mtihani unazitaka, na sitaki ufeli. Ila usiishie kuzikariri. Ukikuta "mimi" kwenye hadithi, jiulize ni nani anasema, na usimhukumu aliyeshika kalamu kabla hujaisikia hadithi yote. Utafanya hivyo vitabuni, na utafanya hivyo pia kwenye hizo simu zenu, ambako mtu anahukumiwa kwa mstari mmoja. Ukiandika wewe, usiogope kusema "mimi" kwa ajili ya mtu asiyeweza kusema. Pengine yuko dirishani anakusikiliza. Lakini walinde unaoishi nao, heshima yao si mali yako ya kutungia. Na ukimkosea mtu kwa kalamu, nenda kwake na hiyo karatasi, umsomee.

Mungu wa milima hii akupe jicho la kuona yanayofichwa na moyo wa kuyasema bila kuumiza. Uingie kwenye chumba cha mtihani bila hofu, utoke ukiwa na furaha. Na siku utakapoandika lako, nikiwa bado nipo, uje unisomee. Amina, mwanangu.