Kuku Watatu Ndani ya Kipanya Cheupe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo huinuka usiku nikafungua madirisha, na usidhani ni uzee. Siku hiyo nusura niwalaze watoto saba usingizi usio na kuamka, na mmoja wao alikuwa wangu wa kumzaa. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilikuwa nacheka, nimevaa shati safi, na nilijua kabisa kwamba nawatendea wema.

Umekuja kuniambia kwamba wewe na wenzako mnatafuta kipanya kilichotumika, kibasi kidogo cha kwenda nacho kambi za mwisho wa wiki huko ufukweni. Vizuri sana. Vuta kiti. Lakini naona umeanza kunieleza rangi yake, na mimi ugonjwa huo wa rangi naufahamu, niliwahi kuugua.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaamka tukakuta maduka yamejaa, na magari yaliyotumika Japani yanaingia Mwanza kila juma, milango imeandikwa maneno ambayo hata mwalimu mkuu hawezi kuyasoma. Tulishangaa, mwanangu, nakwambia tulishangaa hadi tukachelewa makazini. Mtu anasimama kando ya barabara ya Musoma, ameshika jembe, anatazama gari linapita, na likishapita anaendelea kutazama. Usitucheke. Hata nyinyi na simu zenu nawaona.

Mimi nilikuwa seremala pale Igoma, kijana wa Kijita mwenye mke mmoja, binti mmoja na maneno mengi. Kanisani tulikuwa na kundi letu, nyumba sita za watu waliooana miaka michache nyuma. Jumamosi mchana tulikuwa tunakodi pikapu, tunapakia sufuria na maturubai, tunakwenda ufukweni upande wa Magu, tunalala huko na kurudi Jumapili kwa ibada ya pili. Tulilipenda jambo hilo kuliko hata Krismasi. Ziwa Viktoria likianza kupambazuka, maji yametulia hadi huoni yanapoishia, basi hata yule mwenzetu mpiga soga hodari kuliko wote alikuwa ananyamaza. Tulikuwa tunasimama tu, watu wazima na vikombe vya chai mikononi, machozi yanatulenga na hatujui kwa nini.

Taabu ilikuwa watoto. Mbu waliwala, mvua iliwakuta. Usiku mmoja upepo wa ziwani uling'oa turubai lote, na Neema wangu, mtoto wa miaka mitano, akapata kichomi. Tukamuuguza hadi mama yake akakonda kuliko mgonjwa. Hapo ndipo tukakubaliana: tutafute kipanya kitakachotubeba sisi sote, na usiku watoto walale humo ndani, sisi tukeshe nje na moto wetu. Nikachaguliwa mimi kukitafuta. "Magesa ni fundi," walisema, "anajua vitu." Loo, nilivimba! Ila wazee wa kanisa wakaongeza neno moja ambalo halikunipendeza: nisiamue bila Mzee Nkwabi.

Mzee Nkwabi alikuwa Msukuma wa pale pale Igoma, aliyeendesha malori ya pamba miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwa ng'ombe wake. Kusoma hakujua zaidi ya jina lake. Alivaa mabuti ya mpira hata kiangazi, na akiongea, neno moja linatoka leo, la pili ulisubiri. Mimi niliona haya kutembea naye. Nikaenda peke yangu, nikatafuta, nikakipata.

Mwanangu, kilikuwa kizuri! Cheupe, kina mistari ya dhahabu ubavuni, mapazia madirishani, zulia chini. Na kilikuwa na kiyoyozi. Wewe umezaliwa umekikuta kiyoyozi. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya ubaridi uliotengenezwa na mtu. Dalali, kijana mchangamfu wa mjini, alifunga madirisha, akawasha, akaniambia nisubiri kidogo. Jua la Igoma linachoma nje, na mimi ndani jasho linanikauka shingoni. Nilijisikia kama niko kanisani. Jumamosi nilipomleta Neema akione, aliingia, akalaza shavu kwenye kiti cha nyuma, akasema, "Baba, humu ndani ni asubuhi!" Nikamalizika hapo hapo. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, na mimi tayari nilikuwa nimenunuliwa.

Dalali akatukubalia tukijaribu siku hiyo hiyo, twende nacho kambini, tukirudi Jumapili tukamilishe malipo. Familia zote sita zikaja na mizigo. Mama Neema akatandika mkeka wa watoto kule nyuma, akapanga na mito. Saa nne asubuhi tuko tayari kuondoka, ndipo nikamwona Mzee Nkwabi anakuja na mabuti yake, fimbo mkononi. Kuna mtu alikuwa amempelekea habari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Watoto watalala vipi humu?"

Hakuuliza bei, hakuuliza injini. Nikamweleza kwa madaha: tutafunga madirisha yote mbu wasiingie, injini tutaiacha inanguruma taratibu, kiyoyozi kitawapuliza hadi asubuhi. Watalala kama watoto wa Ulaya. Mzee akazunguka gari, akachuchumaa nyuma penye bomba la moshi, akakaa pale muda mrefu hadi watu wakaanza kutazamana. Kisha akainuka kwa kuegemea fimbo.

"Nileteeni kuku watatu," akasema. "Wazima."

Sasa hapo lazima uelewe. Usukumani kuku si kitoweo tu. Wapo waganga wanaopasua kuku na kusoma mambo ya mtu ndani ya matumbo yake, na sisi tuliookoka tulikuwa tunahubiri dhidi ya hayo kila Jumapili. Nikaona mzee anataka kutupigia ramli, mchana kweupe, mbele ya dalali, mbele ya kanisa zima! Damu ikanipanda.

"Mzee, tuheshimiane," nikasema, na sauti nikaipandisha makusudi ili wote wasikie. "Sisi ni watu wa Mungu. Mambo ya kuku kayafanyie zizini kwako. Gari haliaguliwi."

Wengine walicheka. Mama Neema hakucheka. Mzee alinitazama, akafungua mdomo aseme kitu, nikamkata: "Tumeshaamua, mzee. Ahsante kwa kuja." Basi akageuka, akaenda zake taratibu kuelekea sokoni.

Tungeondoka muda ule, mwanangu, leo nisingekuwa na la kukuambia. Kilichotuchelewesha ni mke wangu. Alisimama mlangoni mwa gari, amekunja mikono, akasema haondoki na mtu aliyemtukana mzee wa watu. Nikambembeleza, nikamfokea, wapi! Akasema, "Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Wewe umeshajua alichotaka kusema?" Nikabaki nimenuna pale, wenzangu wameketi juu ya mizigo, watoto wanalia njaa. Hapo ndipo mzee akarudi. Ana kuku watatu wa kienyeji, amewanunua mwenyewe, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

Hakunisemesha. Alimpa Mama Neema wale kuku, akamwambia awalaze kule kwenye mkeka wa watoto, pale pale mtoto atakapoweka kichwa. Kisha akamwomba dalali afunge madirisha, awashe injini na kiyoyozi, kama nilivyosema mimi. Dalali akafanya huku anatabasamu. Mlango ukafungwa.

"Tukae," mzee akasema.

Tukakaa juu ya mawe. Alianza kutusimulia habari za ndama wake mmoja asiyetaka kunyonya. Ndama! Mimi nafura, jua linapanda, nawasikia kuku wanalalamika mle ndani, na mzee yuko na ndama wake. Baadaye kuku wakapunguza kelele. Baadaye wakanyamaza kabisa.

"Si unaona?" nikamwambia dalali. "Ubaridi umewapendeza, wamelala."

"Wamelala," mzee akaitikia. Wala hakutabasamu. Akaendelea na ndama hadi akammaliza, kisha akanionyesha mlango kwa fimbo. "Kafungue wewe, baba yake Neema."

Nikafungua. Ubaridi mtamu ukanipiga usoni, ule ule ulionikausha jasho siku ya kwanza. Moshi hungeuona. Harufu ilikuwa ndogo sana, ya gari tu, harufu ambayo gari lingekuwa jipya ungeisifu. Na kuku wamelala juu ya mkeka wa mwanangu, shingo zimelegea, midomo wazi kidogo. Vilemba vyao vya kichwani vilikuwa vyekundu, vyekundu kuliko walipoingia, wamependeza kabisa. Nikamshika mmoja, kichwa kikaninginia mkononi. Wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alivuta pumzi mara mbili pale nje kwenye vumbi, naye akaenda.

Hakuna jeraha wala damu. Hakuna aliyepiga kelele ya kuomba msaada. Mwanangu, nimeshaona mamba akimchukua mbuzi, nimeona radi ikipasua mwamba pale kwetu, lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ule ukimya. Nilitazama mito saba iliyopangwa, nikahesabu. Nikakaa chini mavumbini na shati langu safi. Mama mmoja akaanza kuimba pambio kwa sauti ndogo, akashindwa kulimaliza. Neema akaja akanishika sikio, akauliza kwa nini kuku hawaamki. Nilimkumbatia.

Mzee akapanda ndani, akafunua lile zulia zuri la nyuma. Bati lilikuwa limeliwa na kutu hadi unaona ardhi, na chini yake bomba la moshi limepasuka. Dalali mwenyewe, maskini, alikuwa anauza asichokijua. Mzee akatuambia kwamba hata bomba likiwa zima, gari likinguruma limesimama na madirisha yamefungwa si mahali pa kumlaza kiumbe, maana sumu ya moshi huua bila kuonekana. Alijuaje? Zamani alibeba kuku kwenye lori lililofunikwa turubai, safari ndefu, akafika wamekufa wote na yeye kichwa kinampasuka. Alidhani amerogwa. "Nilikwenda kwa mganga mimi," alisema, na hapo ndipo akacheka kidogo. "Nikaaguliwa wee! Hadi fundi mmoja wa magari aliponionyesha tundu la bomba. Hiyo ramli yako, Magesa, mimi niliimaliza siku nyingi."

Nikapiga magoti mbele ya wote, nikamwomba radhi. Hakunihimiza kuinuka upesi. Aliacha niyasikie magoti yangu. Kisha akasema maneno ninayoyajua kwa moyo kama Baba Yetu:

"Kutojua si kosa. Mimi pia sikujua. Kosa lako ni kunifunga mdomo kabla sijamaliza. Na wewe seremala! Ukiuziwa ubao, unaangalia vanishi?"

Nilisema nini? Nilisema, "Hapana, mzee." Basi.

Hatukwenda kambini siku ile. Wiki kadhaa baadaye yeye mwenyewe alituchagulia kipanya kingine, kibaya sana, rangi kama matope, kiti kimoja kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Lakini alilala chini yake hadi mgongo ukajaa vumbi, akagonga bati kila mahali kwa kifundo cha kidole. Alitupakia watu wazima wote kumi na wawili tukapanda nacho mlima, akakisimamisha katikati ya mteremko kuona kama breki zinamheshimu. Alifungua kila dirisha na kila mlango kwa ndani, akamfungia Neema humo na kumwambia atoke mwenyewe, akatoka. Kisha tukashona vyandarua vya madirishani. Watoto wetu walilala humo miaka mingi, injini imezimwa, madirisha wazi, wanasikia mawimbi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza, maana mimi nimeshaanza kuchoka. Kipanya nenda kakitafute, sikukatazi. Rangi iache mwisho. Funua zulia, hata muuzaji akikunja uso. Muuzaji mwema hukufunulia mwenyewe. Kipandishe mlima kikiwa na mzigo na watu, maana gari tupu ni kama mchumba siku ya kwanza, halionyeshi tabia. Injini ikiwa inanguruma, asilale mtu humo, hata kama ni nusu saa, hata kama mvua inanyesha. Na ukishangazwa na kitu, shangaa, Mungu ametupa macho ili tushangae. Ila usimkabidhi mtoto kitu ambacho bado kinakushangaza. Akija mtu na neno usilolielewa, awe mzee wa mabuti ya mpira au mtoto mdogo, mwache afike mwisho wa sentensi. Ukishamsikia, kataa ukipenda. Palipo na wazee haliharibiki jambo, lakini ni pale tu wanaporuhusiwa kusema.

Nenda basi, na Mungu akutangulie njiani na akusubiri ufikako. Akupe ziwa tulivu, kuni kavu na marafiki wasiochoka kukuambia ukweli. Na kila atakayelala akikutegemea wewe, mwanangu, aamke.