Shaba, Chumvi na Mkaa Chini ya Masale

Haya, wenye masikio yaleteni hapa, wasio nayo waazime kwa jirani. Na wewe uliyeshika simu, izime. Haya ninayosema yalianza na kitu kinachopiga mluzi, na tangu siku zile nikisikia kitu kinalia bila kupigwa, miguu yangu inafika nyumbani kabla yangu.

Shule mimi niliionea dirishani, nikipita na mkungu wa ndizi kichwani. Kwa hiyo mambo ya kompyuta nitayasema kama nilivyoyaona nikiwa mlangoni na mwiko mkononi. Anayejua zaidi anyamaze.

Mume wangu alikuwa fundi umeme mjini. Tulipanga Lemara miaka na miaka, watoto wakakua wakatawanyika, ndipo tukapanda huku mlimani kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Nikasema sasa tutapumzika. Mwenzangu akaniletea mke mwenza. Radio! Siyo ya kusikilizia taarifa ya habari, hapana, ile ya kusemea, unaongea na mtu aliye upande wa dunia ambako saa hizi ndiyo kwanza wanapiga mswaki. Alipewa na rafiki yake, Singasinga mmoja mwenye duka la vipuri mjini, ambaye ukoo wake uko Arusha tangu Meru ikiwa kichuguu. Ilikuja kwenye mfuko kama wa karanga, vipande vipande, vingine vidogo kuliko kiroboto mwenye njaa. Mzee wangu akavaa miwani juu ya miwani, akaviunga kimoja kimoja kwa risasi ya kuyeyusha, ile ya mafundi, mpaka ugali wangu ukawa unanukia bati. Leseni ya serikali akaitia fremu, akaitundika juu ya picha ya harusi yetu. Juu!

Radio yenyewe ikawaka. Ubaya ulianza alipotaka kuiunganisha na kompyuta.

Maana, akaniambia, radio hii ni ndogo, sauti ya mtu haifiki mbali. Lakini ukiiunga na kompyuta, kompyuta inapiga mluzi, na mluzi unafika mpaka Japani. Mluzi wenyewe sasa! Siyo wa mtu. Unapanda, unashuka, unatetemeka, kama filimbi inayopulizwa na mtu aliyelala chini ya maji.

Akachomeka waya. Kompyuta ikalia ti-ding, imeikubali. Akabonyeza kutuma. Mluzi wa kwanza haujaisha, kompyuta ikalia ding-ti, imeikataa.

"Inasema kifaa hakitambuliki," akasema.

"Umekijenga kwa mkono wako, halafu kinakanwa hata jogoo hajawika?"

"Mama, nenda kapike."

"Nimeshapika. Nimekuja kuona mke mwenzangu anavyoachika."

Akabadilisha waya. Ding-ti. Akahamia tundu lingine. Ding-ti. Akafuta programu akaiweka upya, akapuliza kwenye tundu kama anayepuliza jicho la mtoto. Radio ikisikiliza tu, kompyuta inaitambua. Ikifungua mdomo kutuma, inaikana. Ilikuwa kila jioni jua likishaingia nyuma ya mlima, na huku kwetu linaingia mapema, kivuli cha Meru kinashuka juu ya migomba kama mtu anamfunika maiti shuka. Ndani, ding-ti, ding-ti.

Akampigia Singasinga, simu akaiweka sauti ya juu.

"Rafiki," Singasinga akasema, "ile nguvu ya antena inarudi ndani kwa waya, inaichanganya kompyuta. Radio yako haina ardhi, yaani waya wa kuishusha hiyo nguvu udongoni. Tafuta bomba la shaba, lizike penye unyevu, shindilia chumvi na mkaa, mwagia maji."

Nikadakia: "Shaba, chumvi na mkaa, tunazika?"

"Ndiyo ardhi hiyo," mume wangu akasema. "Mafundi wote wanafanya hivyo."

"Na jirani akiona?"

"Ataona fundi anafanya kazi."

Sasa penye unyevu kihambani kwetu ni wapi? Ni mpakani, pale mfereji unapopita, kwenye masale. Wa huku mnajua. Wageni niwaambie: masale ni ule mmea wa majani marefu, tunaupanda mipakani na makaburini, na ukimkosea mtu unamletea jani lake kuomba msamaha. Masale hayachezewi. Mzee wangu akachimba pale pale, mchana kweupe, akazika bomba lake, akavuta waya mpaka ndani kwa radio. Kompyuta ikatulia kidogo. Ikakubali mluzi mzima. Akacheza, magoti yakalia kama mlango wa kanisa.

Jioni ile ile, ng'ambo ya masale, mama wa jirani yetu akaanza kuitwa.

Jirani ni rika la mume wangu, walibatizwa siku moja. Mama yake ni bibi wa siku nyingi, anaikumbuka Kilimanjaro ikinyonya. Mwanawe alimwekea sabufa chumbani asikilize kwaya, spika nyingine akaitoa nje barazani bibi anapoota jua, na waya wake akaufunga kwenye seng'enge ya mpaka usije ukakanyagwa na mbuzi. Jioni ile sabufa imetulia, haina kwaya wala nini, bibi akasikia filimbi. Inapanda, inashuka, inatetemeka.

"Ni mume wangu," akasema. "Ndivyo alivyokuwa anapiga akirudi kwenye pombe."

Mume wake alizikwa zamani, migomba ya kaburini kwake imeshazaa wajukuu. Kesho yake filimbi tena. Keshokutwa tena. Bibi akasema, "Ananiita." Akaacha kula. Uji ukaletwa, akageukia ukutani. "Uji wa nini? Naenda kula huko huko."

Na mtu mzima akishakubali kwenda, nyie, habembelezeki hata na ndugu.

Sisi hatukujua kitu. Mimi nilianza kuona kwa watu. Shikamoo zangu zikawa hazirudishiwi marahaba. Kanisani benchi likawa linanikimbia: nikikaa, akina mama wanasogea, nikisogea wanasogea, mpaka wa mwisho akawa amekaa hewani, anaimba pambio hivyo hivyo. Mke wa jirani, aliyekuwa haiivishi mboga bila kuniomba chumvi, akaacha kuja. Nikasema labda amenunua gunia. Kumbe chumvi ya kwangu ilikuwa imeshapata jina lingine.

Asubuhi moja nikasikia jembe mpakani. Kutoka nje, jirani anachimba chini ya masale, ameufuata waya wetu kama anayefuata mkia wa nyoka. Nyuma yake watu, wengi kama siku ya kugawa mbolea ya bure. Akavuta. Bomba likatoka limeota ukijani, limeganda mkaa na chumvi, waya umelizunguka kama kitovu cha mtoto. Watu wakarudi hatua moja. Wingu likashuka toka mlimani likasimama nyuma yao, kama nalo limeitwa kuwa shahidi.

"Shemeji," jirani akaniambia, polepole, "hii ni nini?"

"Ni ardhi," nikasema. Jamani, mafundi si ndivyo wanavyoita!

"Ardhi."

"Ardhi ya radio."

"Shemeji, ardhi ninayoijua mimi ni ile anayofukiwa mtu. Mama yangu anaitwa kila jioni na marehemu, na ninyi mmezika ardhi mpakani kwangu?"

Ndiyo siku niliyojua. Bibi alikuwa anakufa, na anayemuua ni mume wangu.

Jioni ile bibi hakusikia filimbi. Mnacheka? Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Wameng'oa, imenyamaza, basi si ni yenyewe! Na uji bado hataki. Akasema, "Amechoka kuita. Sasa anakuja mwenyewe kunichukua." Habari ikapita kihamba kwa kihamba: Jumamosi mchana anakuja mshili, mzee wa ukoo. Mlingoti wa antena ukatwe, na sisi tushuke mlima tusirudi. Na kama bibi ataondoka kabla ya Jumamosi... Aliyetuletea habari hakumalizia. Alipitisha kidole kwenye makali ya panga lake, akaaga vizuri, akaenda zake.

Mume wangu alikaa anaangalia lile shimo. Mara akasema, "Seng'enge."

"Imefanyaje?"

"Bomba langu liligusa seng'enge humo ndani ya masale. Seng'enge inapita dirishani kwa bibi, na waya wa spika umefungwa humo humo. Mluzi wangu umetembea mpaka kwenye sabufa yake."

"Kawaambie basi!"

"Niwaambie nini, Mama? Kwamba kweli ni mimi?"

Nikageuka nikafukuza kuku ambao hawakuwa wamenikosea kitu.

Akampigia Singasinga. Safari hii rafiki hakutania. Akasema ardhi ipeni likizo, tafuteni kile kipingili cheusi kilichoko kwenye waya za skrini za kompyuta za zamani, kama goti la waya. Ndani ni chuma cheusi. Nguvu ya antena ikirudi, inakwama pale. Kimoja kwenye waya wa kompyuta, kimoja kwenye waya wa sabufa. Nikashuka mjini mpaka Kaloleni kwa wauza vyuma chakavu, nikachagua vyeusi vilivyonona, nikavifunga kwenye pindo la kanga. Njiani kurudi ndipo nikavitazama vizuri. Vidogo, vyeusi, vya kufunga kwenye kamba. Nikasema, Mungu wangu, nimetoka kwenye shaba na chumvi, sasa nimebeba hirizi.

Jumamosi ikafika na bibi yupo, kwa taabu. Uwanja wetu ulijaa mpaka migomba ikasimama kwa upande. Mshili akaletewa kiti. Mume wangu akampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kumtazama.

"Nina ombi moja," mume wangu akasema. "Bibi aletwe hapa, na sabufa yake."

Jirani akaruka. "Umlete mama yangu kwenye mdomo wa shimo lako?"

Ikatoka sauti nyembamba ng'ambo ya masale: "Nibebeni. Kama yumo humo, nimwone."

Akaletwa na kiti chake, mwepesi kama ganda la mahindi. Meza ikawekwa nje: radio, kompyuta, sabufa, waya zao zimelaliana. Mimi nimeshika mwiko, sijui nilitaka kupika nini.

"Bibi, bonyeza hapa mwenyewe."

Kidole chake kikashuka. Filimbi ikatoka kwenye sabufa, inapanda, inashuka, inatetemeka. Lo! Mtu mmoja aliyekuja na magongo aliruka masale bila kugusa jani, na magongo yakamfuata. Kompyuta ikalia ding-ti. Bibi peke yake hakukimbia, maana miguu ilikuwa imeshastaafu.

Mume wangu akachukua vile vipingili, akavibana, kimoja kwenye waya wa kompyuta, kimoja kwenye waya wa sabufa.

"Hirizi!" jirani akapiga kelele. "Anafunga hirizi mbele ya mshili, mnaona!"

Mapanga yakapanda. Nawaambia niliona shingo ya mume wangu, na nikaona jinsi ilivyo nyembamba, na sikuwahi kuiona nyembamba vile.

"Jirani," akasema, "kaangalie waya wa televisheni yako. Nenda tu. Ukikosa kitu kama hiki, kateni."

Mshili akamfanyia ishara, nenda. Akaenda. Watu wakasubiri, hata mfereji nadhani ulisimama. Akarudi ameushika waya mbali na mwili, kama anayeshika panya kwa mkia. Katikati ya waya kipingili, cheusi, kimenona kuliko vyetu.

"Nani amenifungia hii?" Alikuwa analia, masikini.

"Uliinunua ikiwa hivyo?" mshili akauliza.

"Ilitoka nayo dukani!"

Mshili akautazama ule waya, akatazama wetu, akakohoa kuficha kicheko. "Basi na wewe tukukate pamoja. Bibi, bonyeza tena."

Bibi akabonyeza. Sabufa kimya. Kompyuta haikulia ding-ti. Ikatulia pale na radio yake kama watu waliofunga ndoa, na baada ya kitambo yakatokea maandishi: mtu wa ng'ambo ya bahari amesikia, amejibu. Mume wangu akawaeleza bomba lilivyogusa seng'enge na mluzi ukafika kwa bibi, kisha akakaa chini kwenye vumbi kabisa, na suruali yake ya kanisani.

"Umeona, Bibi?" mshili akasema. "Ni mashine. Mluzi ni wa kompyuta, ulipita kwenye seng'enge. Hakuna aliyekuita. Kunywa uji."

Jirani akaenda mpakani, akakata jani la sale, akalileta kwa mume wangu kwa mikono miwili. Mimi nikachota uji. Bibi akapokea kikombe. Watu wote tunamtazama mdomo. Akaonja. Akameza. Akanywa mpaka kikombe kikamfunika uso, akakishusha, akajifuta, akamvuta mume wangu shati aje karibu:

"Sawa, mwanangu, nimeelewa, ni mashine. Lakini akipiga tena, mwambie nimeenda sokoni Kikatiti!"